Siku Tisa za Bomba la Nje

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wananifahamu kama mtu wa kuwanyooshea wengine vidole. Nimeandika kuhusu viongozi wasiojiuzulu, wakurugenzi wanaoficha taarifa za ukaguzi na tume zinazoundwa ili ripoti zake zisisomwe. Leo kidole nakigeuza upande wangu. Nitafanya hivyo kupitia suala ambalo ni nadra kulisikia katika siasa zetu: sumu ikishaingia ardhini, ni nani anayeisafisha, na kusafisha maana yake ni nini hasa?

Nyumba yangu ipo pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo maji ya bomba yalichelewa sana kufika. Kama wengi wenye kipato cha mshahara, nilichimba kisima. Nikafunga pampu, nikainua matangi mawili, na nikatoa bomba moja nje ya ukuta ili majirani wachote kwa bei ndogo ya kufidia umeme. Nilijivunia bomba lile. Shahada ya uzamivu haina faida nyingi zinazoonekana mtaani, na ile ilikuwa mojawapo.

Mita mia mbili hivi kutoka kwetu, upande wa juu wa mteremko, palikuwa na sheli ya zamani. Ilipofungwa, pampu ziling'olewa, kokoto zikamwagwa, ukuta ukapakwa chokaa, na eneo likawa yadi ya kuuzia matofali. Sote tulisema pamesafishwa. Hakuna aliyeuliza habari za matangi yaliyofukiwa chini.

Mke wangu ndiye aliyehisi kwanza. Alisema chai ina harufu ya mafuta ya taa. Nilimjibu kisomi, yaani kwa kujiamini bila ushahidi, kwamba tatizo ni sufuria. Baada ya wiki mbili za chai ya namna hiyo, nilijaza chupa moja na kumpelekea mwenzangu wa idara ya kemia, naye akanisaidia kuipeleka maabara.

Majibu yalikuja siku ya Jumatano. Maji yetu yalikuwa na benzeni karibu mara sita ya kiwango kinachokubalika. Benzeni ni mojawapo ya viambato vya petroli, na inajulikana kuwa inasababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mwenzangu alinieleza jambo ambalo halijanitoka kichwani hadi leo: pua ya binadamu huanza kuinusa benzeni yenyewe katika maji inapofika takribani miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu moja ya ukomo huo. Harufu iliyokuwa kwenye chai yetu ilitokana na ndugu zake wengine waliomo katika petroli. Benzeni ilikuwa imekaa kimya. Nilipomuuliza kuhusu kuchemsha, alitikisa kichwa: kinachotoka kwenye maji kwa moto huingia katika hewa ya jikoni, anakosimama mpishi.

Jioni ile nilirudi nyumbani na madumu ya maji ya dukani. Nikawakataza watoto kunywa na kuogea maji ya kisima. Mke wangu akaniuliza, "Na la nje?" Nikamwambia tusubiri kipimo cha pili.

Bomba la nje liliendelea kufunguliwa kila alfajiri kwa muda wa siku tisa.

Nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa na sura ya busara. Kipimo kimoja hakitoshi. Taharuki ni mbaya. Mamlaka husika ndizo zenye wajibu wa kutangaza. Lakini ilikuwapo sababu ya nne, na hiyo ndiyo iliyozibeba nyingine: nilikuwa nimepata mnunuzi wa nusu ya kiwanja changu, na fedha hizo nilikwisha kuzipangia ada za chuo za binti yangu. Nani atanunua ardhi iliyo juu ya petroli?

Katika siku hizo tisa nilifanya kile ambacho wasomi hufanya wanapoogopa kutenda: nilisoma.

Nilijifunza kwamba petroli inayovuja hushuka taratibu kati ya chembe za mchanga. Sehemu yake hunata kwenye chembe hizo. Inayobaki, ikiyafikia maji, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kutoka kwenye tabaka hilo, benzeni na wenzake huyeyuka kidogo kidogo na kufuata mkondo wa maji ya ardhini, kama moshi wa kuni unavyofuata upepo. Pampu yangu, kwa kuvuta maji kila siku, huenda ilisaidia kuuleta moshi huo kwetu.

Kuusafisha uchafuzi wa aina hii kunawezekana, ila si kwa kokoto na chokaa. Udongo uliolowa unaweza kufukuliwa na kupelekwa kwenye matibabu. Maji yanaweza kuvutwa, yakapulizwa hewa ili benzeni itoke, kisha yakapitishwa kwenye mkaa maalumu wa kuchujia. Tatizo ni kwamba sumu iliyonata kwenye chembe hutoka polepole; pampu zikizimwa mapema, kiwango hupanda upya. Nchini Marekani, ambako sheria ya kusafisha maeneo yenye sumu ilipitishwa mwaka 1980, yapo maeneo ambayo maji yake yamevutwa na kutibiwa kwa miongo kadhaa. Habari njema ni kwamba wapo bakteria wa kawaida wa udongoni wanaokula petroli wakipata oksijeni ya kutosha. Hivyo wataalamu husukuma hewa ardhini ili kuwapa nguvu, huku wakipima maji kila baada ya miezi kadhaa kupitia visima vya uchunguzi. Kazi hiyo huhitaji miaka, fedha, na mtu wa kuisimamia baada ya kamera kuondoka.

Petroli ni adui mwenye huruma kiasi. Yapo mengine yasiyo na huruma, na mfano wake hauko mbali. Huko Vikuge, wilayani Kibaha, shamba la serikali lilipokea mwaka 1986 shehena kubwa ya viuatilifu kutoka Ugiriki, ikiwemo DDT. Ilikuwa zawadi, na sehemu ya zawadi hiyo ilikuwa imekwisha muda wake. Iliwekwa katika banda ambalo baadaye liliporomoka, na mvua ikafanya iliyofanya. Miaka ya baadaye mabaki yalikusanywa na kuondolewa mahali pale. Kisha watafiti wakaenda kupima udongo na maji, na mwaka 2004 wakachapisha katika jarida la Ambio matokeo ambayo kichwa chake cha habari kilitosha: uchafuzi ulibaki kuwa mkubwa hata baada ya usafishaji. Kilichoondolewa ni rundo lililoonekana. DDT iliyokwishaingia udongoni ilibaki, nayo haioshwi na mvua za msimu mmoja. Hudumu kwa miongo.

Nikiwa ninasoma habari za Vikuge, nilihisi hasira niliyoizoea, hasira ya mwandishi aliyepata mada. Nilianza hata kuandika makala. Nilipofika kwenye sentensi inayosema kwamba wananchi walikuwa na haki ya kujua mapema, nilisikia ndoo ikigongana na ukuta wangu nje.

Siku iliyofuata nilisoma kuhusu Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza risasi katika udongo, hewa na damu za watoto. Risasi ni elementi. Hakuna bakteria wa kuila wala miaka ya kuichosha. Ama uihamishe, ama uifunge isiguswe. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Alipogundua kuwa mwanawe mchanga ana risasi mwilini, aliacha kazi, akasema hadharani, na akaendelea kusema licha ya vitisho. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Huo ni mwendo wa miaka mingi, na ulianza kwa mtu mmoja aliyekuwa na mshahara wa kupoteza. Mimi nilikuwa na nusu ya kiwanja.

Siku ya tisa alikuja mama mmoja wa mtaani, mkubwa wangu kiumri, anayewapikia mafundi ujenzi. Nilimpa shikamoo. Alikuja kulipa deni la maji la mwezi mzima, na akanishukuru kwa kutomkatia alipokwama. Niliipokea fedha ile. Nilipofunga mlango, nilikaa nayo mkononi kwa muda, kisha nikatoka nje na kulifunga bomba.

Jioni mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano chini ya mwarobaini. Nilieleza yote: maabara, benzeni, sheli ya zamani. Nilieleza vizuri, kama darasani. Nilipomaliza, yule mama akauliza swali moja tu: "Dokta, umejua tangu lini?"

Ningeweza kusema nilikuwa nikisubiri kipimo cha pili. Nilisema, "Siku tisa, mama."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Siku tisa nimepika." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole waliokula kwake, kwa majina.

Mnunuzi wa kiwanja ameondoka, kama ilivyotarajiwa, na ada ya binti yangu nailipa kwa mkopo. Maofisa wamekuja na kuchukua sampuli. Mwenye yadi anasema alinunua ardhi safi. Aliyemuuzia hapatikani kwenye simu. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitambua kanuni ya mchafuzi kulipa. Lakini kanuni haina meno pale ambapo hakuna aliyepima udongo siku sheli ilipofungwa, kwa sababu kila mmiliki atasema aliikuta hali ilivyo. Ndiyo maana napendekeza mambo mawili ya kawaida kabisa. Kwanza, eneo lolote lililowahi kuwa na matangi ya mafuta, kiwanda au ghala la viuatilifu lisihamishwe umiliki kabla udongo na maji yake hayajapimwa, na matokeo yabandikwe ofisi ya mtaa. Pili, wafanyabiashara wa bidhaa hizo wachangie mfuko wa usafishaji wakiwa bado wanapata faida, si baada ya kufunga milango na kubadili namba za simu.

Nayaandika haya nikijua kwamba hakuna sheria ambayo ingeyafupisha matendo yangu kutoka siku tisa hadi moja. Mwenye taarifa kwanza huwa ni mtu fulani mwenye jambo lake la kulinda: meneja, mkurugenzi, mhadhiri. Mnapotusoma tukiwalaumu viongozi kwa ukimya wao, tuulizeni pia sisi tumejua tangu lini.

Yule mama sasa ananunua maji ya boza, ghali kuliko yangu. Nilijaribu kumrudishia fedha za mwezi ule. Alizihesabu, akatoa za siku tisa, na zilizobaki akanirudishia.