Soma namba ndogo kwenye memori kadi

Katika kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma kuna kamera moja na mabishano mengi, na kwa wiki mbili sasa bishano ni moja tu: tununue memori kadi gani. Wenzangu wanataka ile iliyoandikwa 170 au 200, kwa sababu namba kubwa inaonekana ndiyo nguvu. Mimi ninayeshika mfuko wa michango nasema tusome ile namba ndogo ya pembeni. Wananiita mchoyo. Sawa, lakini wanisikilize kwanza.

Ile namba kubwa kwa kawaida ni spidi ya kusoma, yaani kadi inavyotoa mafaili kwenda kwenye laptopu, tena siku mambo yote yakiwa mazuri. Kamera ikirekodi haisomi, inaandika, na inaandika bila kupumua. Kwa hiyo tusiulize kadi inaweza kukimbia mpaka ngapi. Tuulize haitashuka chini ya ngapi. Hilo ndilo alama ndogo zinaahidi. Namba 10 ndani ya herufi C ni megabaiti 10 kwa sekunde, isishuke hapo. U yenye 1 ndani yake ni 10 pia, U yenye 3 ni 30. V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. A1 na A2 ni habari za programu za simu, sisi hazituhusu.

Sasa hapa ndipo watu wanapotea. Menyu ya kamera yetu inasema 4K ni 100. Mmoja akaruka: basi hata V90 haitoshi! Hapana. Ile 100 ya kamera ni megabiti, na kadi inahesabu megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Gawa 100 kwa 8, unapata 12.5. V30 inaibeba na inabakiza nafasi. Full HD ya kamera hiyohiyo ni megabiti 28, yaani megabaiti 3.5 tu, hata C10 inatosha. V90 waachiwe wenye kamera za sinema; kwa bei ya moja unapata V30 kadhaa.

Mbona nakazana hivi? Ni kwa ajili ya bibi mmoja wa block yetu, mtu wa Fizi. Baada ya miezi ya kukataa, alikubali kusimulia walivyokimbia na jinsi mume wake alivyobaki nyuma. Safari yake ya Kanada ilikuwa imekaribia. Wakati huo kamera tuliazimwa, nayo ikaja na kadi ndani, microSD ya simu iliyowekwa kwenye adapta, namba 4 ndani ya C. Kadi inaahidi megabaiti 4, kamera inamwaga 12.5. Ikarekodi sekunde chache, ikasimama. Tukamwomba aanze tena. Akaanza, ikasimama. Mara ya tatu alianza moja kwa moja na jina la mumewe, na kamera ikasimama hapo. Bibi akajifunga kitenge chake vizuri, akasema: "Mwanangu, haya si maneno ya kusema mara tatu." Hakukasirika, hata chai alitupatia. Lakini hakusimulia tena, na mwezi uliofuata akapanda ndege. Tumebaki na vipande vitatu, na vyote pamoja havifiki dakika moja.

Basi mtu akiniambia spidi ya kadi ni mambo ya mafundi tu, simwelewi.

Pendekezo langu ni V30 mbili za gigabaiti 64, si moja ya 256. Kwa 4K ya kamera yetu, 64 inabeba kama dakika 85. Kwa Full HD, kama saa tano. Moja ikifa kwa vumbi letu hili, nyingine ipo. Na wazee tuwarekodi kwa Full HD. Najua 4K inapendeza. Lakini laptopu yetu inakwama ikiifungua, sola inatupa saa chache, na uso wa mzee unaonekana vizuri kabisa bila hiyo 4K.

Halafu kuna kadi bandia. Juu imeandikwa 128, ndani kuna 8, na kamera haikuambii kitu: inaendelea kuandika, ukifika nyumbani mafaili hayafunguki. Kabla ya kulipa, patana na muuzaji kwamba ikifeli jaribio unairudisha. Programu moja ya bure, H2testw, inaijaza kadi mpaka mwisho kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Inachukua muda, ifanye mchana sola ikiwa na nguvu. Kisha fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, urekodi kitu chochote nusu saa bila kukata, kabla hujaenda kukaa mbele ya mtu. Sisi kazi hiyo tutawapa mbuzi wa jirani.