Nilitaka kuuza kamera

Jumamosi iliyopita nilikuwa niuze kamera. Bei tulishakubaliana: laki nane na nusu, lenzi mbili ndani, begi nyongeza. Mnunuzi ni kijana mmoja wa Makambako anayepiga picha za harusi na kipaimara, mtu wa maneno mengi na haraka nyingi. Alisema atakuja mwenyewe Njombe kuichukua. Nikamwambia karibu sana.

Wandugu, msinione nimechanganyikiwa. Mnaonifahamu mnajua kamera ile niliinunua kwa kujinyima mwaka wangu wa kwanza kazini, nikawa mteja wa kudumu wa wali maharage. Lakini mtu ambaye hajaishi Njombe mwezi wa 7 naomba asinihukumu. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna asubuhi unafungua mlango na nyumba ya jirani huioni. Ukungu unakaa hadi saa 5, jua linachungulia kama mtu anayekwepa wadeni, halafu saa 9 manyunyu yanaanza. Si mvua ya kusema utaikimbia. Ni maji yanayoelea tu hewani, yanakulowanisha taratibu mpaka unashtukia koti limekuwa zito na shati limeshika mgongo. Wenyeji wanaendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna kitu. Mimi niliyekulia Tanga, baridi ya namna hiyo kwangu ni ugonjwa.

Kwa wiki tatu sikupiga picha yoyote ya maana. Nilikwenda kwenye semina, nikampiga mgeni rasmi akifungua, nikawapiga washiriki wakimsikiliza mgeni rasmi, nikarudi chumbani kujifunika blanketi mbili. Ndipo mhariri wa picha akanipigia simu kutoka Dar. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Bwana mdogo," alisema, "nimezipanga picha zako zote za mwezi huu hapa kwenye kompyuta. Ni meza na chupa za maji. Huko kwenu watu wamehama?"

Nikamjibu hali ya hewa ni mbaya, mwanga hakuna. Akasema "sawa", akakata simu. Hiyo "sawa" nililala nayo. Usiku nikapiga hesabu: kodi ya chumba inakaribia, picha nalipwa kwa ile iliyotumika tu, na kwa jinsi nilivyojiona, ile kamera ilikuwa imebaki pambo la kuning'iniza shingoni ili walinzi wa ukumbini waniruhusu kuingia. Asubuhi nikamtafuta kijana wa Makambako.

Sasa, ukiuza kitu lazima ukijaribu kwanza, mwenzako asije akakuita tapeli. Jumatano jioni nikaketi kitandani nikawa napiga picha ovyo kuelekea dirishani, kukagua kama lenzi ina ukungu ndani na kama vitufe vyote vinakubali. Nilikuwa nimechemsha maji ya kuoga, kwa hiyo kioo cha dirisha kilikuwa kimejaa mvuke na matone yanatiririka. Nje, mama mwenye nyumba akapita na blanketi jekundu mabegani, amebeba kuni. Sikumlenga yeye. Nilikuwa najaribu tu.

Nilipozikuza zile picha kwenye kompyuta ndogo nikanyamaza. Uso wake hauonekani, mikono haionekani. Kuna wekundu unaokatiza katikati ya kijivu, umevunjwavunjwa na michirizi ya maji. Lakini ukiitazama unaijua baridi ya Njombe kuliko maneno yote niliyowahi kuandika kuhusu mji huu.

Hapo nikakumbuka kipindi kimoja chuoni ambacho nusu yake nilisinzia. Mhadhiri wetu alituonyesha picha za Josef Sudek wa Prague. Huyu bwana alipoteza mkono wa kulia kutokana na majeraha ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini aliishi kwa kupiga picha, tena kwa makamera makubwa mazito. Vita ya Pili ilipokuja na Wajerumani kuikalia nchi yake, kuzunguka mitaani na kamera kukawa na hatari. Akaigeuzia kamera dirisha la studio yake. Alianza mwaka 1940 na kuendelea hadi 1954. Dirisha lile lile, mti ule ule uliopinda uani, kioo mara kina umande, mara matone, mara barafu. Miaka 14! Na mimi wiki tatu tu nimeshatangaza bei.

Mhadhiri huyo huyo alitusimulia pia habari za Alfred Stieglitz, ambaye mwaka 1893 alisimama takriban saa tatu kwenye dhoruba ya theluji New York, Fifth Avenue, akisubiri gari la farasi lifike pale alipolitaka. Wakati ule watu wengi waliamini picha haipigwi kwenye hali kama ile. Nikajiuliza, huyu alisimama kwenye theluji, mimi manyunyu yananishinda?

Nikajiwekea sharti dogo, maana najijua, nikiambiwa nitafute picha nzuri popote mjini nitarudi kitandani. Sharti lenyewe: Alhamisi na Ijumaa, saa 12 asubuhi hadi saa 2, sehemu moja tu, stendi. Sihami. Na simpigi kiongozi yeyote hata akipita amebebwa juujuu.

Alhamisi ilikuwa mbaya, nisiwadanganye. Picha zote zilitoka kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Kosa ni langu. Kamera hupima mwanga kwa kudhania kwamba kilicho mbele yake kina weupe na weusi wa wastani, kwa hiyo ukiionyesha ukungu mweupe inaufifisha mpaka uwe kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja kupita inavyotaka yenyewe. Hilo nililijua tangu chuo, nililisahau kwa sababu kwenye kumbi za semina hakuna ukungu. Halafu nikaingia kwa mama wa chai kuota moto na kamera iko wazi, lenzi ikafunikwa na mvuke palepale. Siku ya pili nilikuja na mfuko wa mkate (ile ya kubebea si mnakumbuka ilipigwa marufuku Juni 2019), naitia kamera ndani na kuufunga kabla sijaingia kwenye joto, naiacha humo mpaka ipate joto na kuzoea. Betri ya akiba nikaiweka mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi huifanya izime wakati bado ina chaji.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku. Taa za mabasi ya alfajiri zilikuwa zinapiga ndani ya ukungu kutoka nyuma ya watu, na kila mtu aliyekatiza mbele yake akawa kivuli chenye pindo la mwanga. Manyunyu yenyewe, ambayo kwa macho huyaoni, yakiwa kati yako na taa yanageuka kuwa vumbi la dhahabu. Kondakta anaita "Makambako! Makambako!" na pumzi yake inatoka kama moshi wa sigara. Bodaboda wamejifunga vitambaa mpaka machoni. Wanafunzi wameficha mikono ndani ya mikono ya sweta, wanatembea kama watu wasio na vidole. Nilijikuta nimepiga picha 140 na saa 2 haijafika.

Pembeni ya stendi kulikuwa na mama anauza viazi kwa sado. Alikuwa amechukua kiroba kitupu, akasukumiza kona moja ndani ya nyingine kikawa kofia ndefu inayoshuka hadi kiunoni, na ndani yake uso wake umemulikwa na jiko la mkaa aliloliweka kati ya miguu. Nilipiga mara mbili. Nilijua papo hapo kwamba ndiyo hiyo. Mwezi mzima wa meza na chupa za maji ulikuwa umelipwa.

Akaniona. "Wewe kijana, unafanya nini?"

Nikamsogelea, nikamwamkia, "Kamwene mama," kwa lafudhi yangu ya Tanga iliyomchekesha kidogo. Nikajitambulisha, nikamwonyesha picha. Akaiangalia kwa muda. Halafu akavua kiroba, akapangusa uso kwa kanga, akaweka vizuri kilemba na kukaa wima, mikono juu ya magoti. "Sasa piga."

Nikapiga. Picha ya kawaida kabisa, ya kitambulisho.

"Hiyo ndiyo upeleke kwenye gazeti," akasema. "Ile ya kiroba usipeleke, mwanangu. Nina mtoto anasoma Iringa. Wenzake wataniona nimevaa mfuko wa unga."

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia ile ya kwanza ina nguvu, inaonyesha kazi, inaonyesha mnavyohangaika watu wasiojua huko Dar wakila chipsi zao. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Nimekuelewa," akasema. "Usipeleke."

Jioni nilikaa mbele ya kompyuta na picha ile kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nani angejua? Alikuwa mahali pa umma, sheria haikunifunga. Mtoto wa Iringa pengine hasomi magazeti. Na nilijua mhariri angeipa ukurasa mzuri. Lakini kila nilipofika kwenye kitufe cha kutuma nilimwona akiweka vizuri kile kilemba. Nikatuma ya kondakta na ya wanafunzi wa sweta, na ile ya blanketi jekundu baada ya kumwomba mama mwenye nyumba, ambaye alisema mbona hata sionekani, peleka tu. Ya kiroba iko kwenye kadi. Sijaifuta.

Mhariri alijibu kwa ujumbe wenye neno moja, "Kumbe!" Akatumia ya kondakta.

Jumamosi saa 4 kijana wa Makambako akapiga simu yuko stendi. Ndiyo, niliona aibu. Kilomita 60 kwenye baridi ile, mtu amekuja na hela mfukoni. Alikasirika na alikuwa na haki. Nikamrudishia nauli ya kwenda na kurudi na kumnunulia chai ya tangawizi na chapati tatu, akala bila kunisemesha. Alipomaliza akaomba aone picha zilizonifanya nibadili mawazo. Nikampa kamera. Akazipitia, akarudi nyuma kwenye ile ya kiroba, akaniuliza mbona hii haijatoka. Nikamwambia. Akasema mimi ni mjinga, ila akaniuliza niliongeza mwanga kiasi gani.

Picha ya mama, ile aliyokaa wima, nimeisafisha kwa saizi ya kutundika ukutani. Juzi nilimpelekea nikaambiwa amekwenda shambani, wanachimba viazi. Nimeiacha kwa mama wa chai, imefungwa kwenye mfuko wa mkate.