Majumba Marefu ya Michenzani

Sisi wa Buzebazeba tukitaja jengo kubwa twakumbuka stesheni ya Kigoma, kazi ya Wadachi, ambao reli yao ilifika ziwani mwaka 1914. Lakini majumba ya Michenzani, kule Unguja, ni kitu kingine. Moja lapata kufika mita 300 kwa urefu, nayo yamepangwa kando ya barabara mbili zinazokatana kama msalaba.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Abeid Karume alitaka watu wa Ng'ambo watoke katika nyumba za udongo na makuti. Ujerumani ya Mashariki ikasaidia. Nyumba nyingi za zamani zilivunjwa kupisha majumba hayo, na Karume hakuyaona yote yamekwisha, maana aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Na Ng'ambo hiyo ilikuwa na Wamanyema pia, watu ambao wazee wao walipita hapa kwetu Ujiji, wengine wakiwa na minyororo.

Shangazi yangu anakaa huko, ghorofa ya tano. Lifti hakuna, na magoti yamemchoka. Ukoo ulinituma nikamlete.

Basi, Jumapili tulishuka ngazi polepole, rozari mkononi, tukapita sokoni Darajani hata kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Kurudi tulipitia Mkunazini, penye kanisa kuu la Waanglikana, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Shangazi alisimama kitambo. "Hapa waliuzwa watu wa kwetu," akasema, akafanya ishara ya msalaba.

Jioni nikamweleza neno la wazee.

"Mwanangu, huko nyumbani nani atanibishia hodi? Watoto wote wamehama. Hapa bomba likikauka, vijana wa jirani hunipandishia maji. Ni Waislamu, wala hawataki hata senti."

"Na siku usipoweza ngazi, shangazi?"

Alinyamaza. Kisha akakubali jambo moja tu: akipatikana mtu wa chini atakayebadilishana naye nyumba, atahamia huko. Kigoma, hapana.

Nilirudi kwa gari moshi peke yangu, na kikapu cha halua kwa ajili ya wazee. Halua wameimaliza, juu ya shangazi wangali wanabishana.