Unywele mbele ya leza

Mbagala, Jumanne, 4 Machi 2025
Umeme umekatika baada ya futari, watoto wa tuisheni wamejaa barazani. Leo sikulalamika, giza nilikuwa nalihitaji. Nimebandika unywele wa binti yangu kwenye mdomo wa kalamu ya leza ya Kariakoo, nikamulika ukuta ulio mita 3 mbele. Kivuli cha unywele hatukukiona. Tuliona mstari wa madoa mekundu, la katikati linawaka, ya pembeni yanafifia. Mwanga uliuzunguka unywele pande zote mbili, kisha mawimbi yakakutana: yalipoungana pakang'aa, yalipokinzana pakawa giza.

Giza hadi giza linalofuata, upande mmoja, sentimita 2.8. Leza imeandikwa nanomita 650. Zidisha kwa umbali wa ukuta, gawa kwa hizo 2.8: unene wa unywele ni milimita 0.07. Tumetumia rula ya shule! Binti anadai unywele wake.

Alhamisi, 6 Machi
Tulichokiona kwenye unywele kinaitwa difraksheni. Nimewauliza watoto wa tuisheni maana yake. Wamenimwagia fasili ya Kiingereza neno kwa neno, kama kasuku. Kwa Kiswahili wakasema "kupinda kwa mwanga", ila hilo walilipata shule ya msingi kwa kijiko ndani ya glasi ya maji. Pale mwanga unapinda kwa sababu kasi yake inapungua majini. Kwenye unywele hakuna maji wala kioo, ni ukingo tu.

Jumamosi, 8 Machi
Kwenye pantoni, Magogoni. Wimbi la boti limepenya kati ya ngalawa mbili, likatokea ng'ambo likitanuka kama pepeo la jiko. Mwanasayansi Grimaldi aliliona jambo hili kwenye mwanga karne ya 17, na mwingine, Young, akalifafanua kwa mawimbi miaka ya 1800. Difraksheni nitaiita "kutanuka kwa mwanga", mpaka nipate neno zuri zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeazima DVD ya muvi kutoka kibanda umiza, nikaimulika kwa leza, kisha nikamulika CD. Mistari ya CD imeachana mikromita 1.6, ya DVD 0.74. Kwa hiyo ukuta ukiwa nusu mita, doa la kwanza la CD liliangukia sentimita 22 kutoka la katikati. La DVD, 92. Nafasi ikibana, mwanga unatanuka zaidi. Nimewakataza watoto kabisa kumulikana machoni.

Mwenye kibanda anataka diski yake kesho asubuhi.