Ndege Iliyochongwa Gerejini

Nilipofika California kusoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, niliamini ndege hutoka kiwandani tu. Jirani yangu ndiye aliyenitoa katika imani hiyo. Gari lake lililala nje, maana gereji ilikuwa imejaa mabonge ya povu gumu la buluu, marobota ya kitambaa cha faibaglasi, na ramani za Long-EZ, ndege ya watu wawili iliyobuniwa na Burt Rutan kule Mojave.

Faibaglasi angani haikuwa ngeni. Wajerumani walikuwa wakiundia glaida tangu miaka ya 1950. Ila wao walitumia kalibu, na kalibu ni gharama inayolipa ukiunda ndege nyingi. Rutan, kwa VariEze yake ya mwaka 1975 na Long-EZ iliyoifuata, aliiondoa kalibu kabisa. Anayetaka ndege moja achonge povu lipate umbo la bawa, kisha alivike kitambaa kilicholowa epoksi. Povu hubaki humo humo, likizishikilia ngozi mbili zisibonyee. Mzigo hubebwa na nyuzi.

Kukata ndiko kulikonivuta. Violezo viwili vyenye alama za namba hupigiliwa kwenye ncha za bonge, na watu wawili hushika waya uliopashwa moto kwa umeme, kila mmoja upande wake. Kiolezo cha shina la bawa ni kirefu kuliko cha ncha, kwa hiyo mikono haiendi kwa kasi moja. Jirani aliita namba, nami nikafuata: tatu, tatu na nusu, nne. Sauti yake ndiyo iliyotufikisha pamoja. Povu la poliurethani hatukulikata hivyo hata kidogo, kwa sababu likiguswa na waya wa moto hutoa gesi ya sumu. Hilo lilichongwa kwa kisu na msasa.

Kwenye epoksi hakuwa na huruma. Kila tone la ziada alilisukuma nje kwa kipande cha plastiki, kwani epoksi ikizidi huleta uzito, haileti nguvu. Palipobaki weupe palikuwa na hewa, na hapo tulirudia. Nyuzi zilinyooshwa kwa viganja, uzi uliopinda haubebi kitu.

Mwaka 1985 Rutan aliacha kuuza ramani. Desemba 1986 Voyager, aliyoibuni yeye, ikaizunguka dunia bila kutua wala kuongeza mafuta, kwa siku tisa, ikirushwa na kaka yake Dick pamoja na Jeana Yeager. Baadaye wajenzi wengi waligeukia vifurushi vya ndege za kujiundia kama vya kampuni ya Lancair, ambavyo viwiliwili vyake hutoka kwenye kalibu, na siku hizi kompyuta yaweza kuuongoza waya. Mabawa yanalingana kuliko tulivyoweza sisi, na hilo ni jambo jema kwa anayeyarukia. Hata hivyo nawasikitikia wasiopata kusimama upande wa pili wa bonge wakisikiliza namba.

Vijana wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia waanzie pale ramani zile zilipoanzia, yaani kwenye vipande vya mazoezi. Watandike kitambaa juu ya povu, wakiache kikauke, wakipime uzito, kisha wakivunje na kuchunguza kilipoachia.