Siku ya Kufunga Kidonda

Akina mama wenzetu, sisi wauguzi tuna neno tunalolisema mara nyingi mno: "Vumilia kidogo, mama, tunamaliza." Tumelisema wodini, na tumelisema majumbani tunapotembelea wagonjwa na akina mama wa usharika. Lilitutoka kirahisi, kwani mguu haukuwa wetu.

Bibi mmoja wa Akheri, huko juu ya Tengeru, alijikata na jembe mguuni akipalilia migomba. Kidonda hakikufunga, kikawa cha miezi. Kila Jumatatu na Alhamisi tulipanda daladala kutoka mjini Arusha, kisha tukakwea kilima kwa miguu na mfuko wetu wa shashi na bandeji. Shashi ya safari iliyopita tuliikuta imeganda juu ya nyama mbichi. Tuliibandua hivyo hivyo. Bibi alishika ubao wa kitanda, akafumba macho, wala hakulia.

Baadaye tukaanza kukuta mlango umefungwa. Mjukuu alitusalimu kwa adabu, akasema Bibi amekwenda Tengeru, nasi tukisikia kikohozi chake chumbani. Tulishuka kilima tumenyamaza. Tulikuwa tumezoea kuwaita wagonjwa wa namna hii wakaidi. Kumbe alikuwa akitukimbia sisi.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba kidonda sharti kikauke. Lakini tangu mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha katika jarida la Nature kwamba vidonda vidogo vya nguruwe vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilipata ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko vile vilivyoachwa wazi vikauke. Ngozi changa hutambaa vizuri penye unyevu. Shashi kavu hunyonya majimaji, kisha hukauka nayo, na nyuzi zake hushikana na ile ngozi changa. Ukivuta unaing'oa, na mishipa ya fahamu inapiga kelele. Maumivu yale tulikuwa tukiyatia kwa mikono yetu wenyewe.

Siku hizi kuna vifuniko vya sponji laini. Sponji hunywa majimaji bila kukausha kidonda, upande wa ndani haugandi kama shashi, na mgongo wake huzuia uchafu kuingia. Kisipojaa huweza kukaa siku kadhaa, kwa hiyo hata kufungua kunapungua. Tulinunua vichache katika duka la dawa mjini, na bei yake ilitufanya tuhesabu mfuko wa kikundi mara mbili.

Tulipanda tena, tukamwomba Bibi radhi tukiwa bado mlangoni. Alitutazama kwa muda mrefu kabla ya kutukaribisha. Shashi ya zamani tuliilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, tukangoja mpaka ilipoachia yenyewe, ndipo tukaweka sponji. Safari iliyofuata tulikitoa kifuniko tukiwa tunaongea habari za kahawa. Bibi akauliza, "Wanangu, mnaanza lini?"

Wenye mgonjwa nyumbani, msikate tamaa kwa ajili ya bei. Shashi iliyopakwa mafuta safi ya vaselini, ile ya pakiti, haishiki sana. Iliyoganda ilowesheni, msiivute. Kama mgonjwa ameruhusiwa parasetamo, apewe nusu saa au saa moja kabla. Ila kidonda kinachonuka, kinachopanuka au kinacholeta homa, na kidonda chochote cha mwenye kisukari, kipelekwe hospitali kwanza. Sponji haiponyi uozo. Na kidonda cha mguuni kisichopona kwa majuma mengi kina sababu yake, daktari aitafute. Bibi naye tulimpeleka, tena tulichelewa.

Mguu wake unaendelea kufunga, polepole. Mfukoni vimebaki vifuniko viwili, na Alhamisi tunapanda tena, safari hii na birika la maji ya kulowesha.