Safari ya Masasi na Newala: Picha za Zamani na Khabari za Wazee

Tulipofunga chuo kwa mapumziko, mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa yuko masomoni Dar es Salaam, alituletea bahasha ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na nakala za picha zilizopigwa katika nchi yetu hii mwaka 1906. Mpigaji wake ni Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, naye alizitia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1908. Wako wenzetu wasioridhia picha, na neno hilo hatuligusi leo. Sisi tulizitia mkobani, msahafu tukauweka katika mfuko mwingine, tukaazimu kupanda nazo Newala kwa shangazi yetu, ambaye ameipita miaka themanini na macho yake bado yaona.

Tulianzia Masasi mjini, tunakofundisha. Picha ya kwanza ni ya milima ya mawe. Tulisimama kando ya njia, tukaiinua karatasi na kuilinganisha na mlima wenyewe. Mawe hayakubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni chini yake, ambako leo kuna mabati yanayong'aa, maduka, misikiti, na hospitali ya Mkomaindo yenye watu wengi kila asubuhi.

Lakini picha ina ulimi mfupi. Haisemi kwamba mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee huwaita Wamagwangwara, waliuvamia mji huu na kuchukua watu. Haisemi kwamba mwishoni mwa Agosti 1905 Vita vya Maji Maji vilifika hapa, wala kwamba Wajerumani waliposhinda walichoma vyakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mgeni yule alipita mwaka mmoja tu baada ya moto ule. Ukiwatazama watu wake usoni bila ya kujua tarehe, utadhani wamechoka kwa jua tu.

Tukapanda gari kwenda Newala. Njia inapoanza kuukwea mlima hewa hubadilika, na abiria hufunga vifungo vya mashati. Uwanda wa Makonde una ardhi ya mchanga: mvua inanyesha, maji yanazama, kisha yanatokea chini kabisa, kwenye miguu ya mlima. Basi mtu atauliza, kwa nini wazee wetu walikaa mahali pasipo maji? Jawabu ni khofu. Wavamizi na misafara ya watumwa ilipita bondeni kwenye maji. Juu kulikuwa na vichaka vizito visivyopitika. Wazee walichagua kiu kuliko minyororo, na waliolipa bei ya uchaguzi ule kila siku ni wanawake.

Tulipofika tulikwenda kwanza Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafula na macho yakaanguka hadi bonde la Ruvuma. Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, yalipita Newala yakielekea mto huo, wakauvuka tarehe 25 kuingia Msumbiji. Walioachwa nyuma walibaki na ghala tupu, na wapagazi wengi hawakurudi.

Shangazi tulimkuta barazani akichambua kunde. Tulimpa shikamoo, tukampa na karatasi. Wanawake wenye ndonya aliwatazama akacheka, akasema bibi yake alikuwa nayo. Kisha akafika kwenye picha ya mwanamke anayefinyanga chungu, akanyamaza. Mwanafunzi wetu alikuwa ametueleza kwamba picha ile yaonyesha ufundi. Shangazi hakuona ufundi.

"Mwanangu," akasema, "huyu anafinyanga maji."

Ndipo akatusimulia. Alipokuwa msichana waliondoka jogoo la kwanza, wakateremka mlima gizani, wakangojea zamu kwenye kisima kinachotiririka polepole, wakapanda na mitungi kichwani jua likiwa tayari kali. Aliyejikwaa alirudi nyumbani na kata tupu, na siku hiyo nyumba nzima ilikunywa ya kuomba. Watu walitayamamu, si kwa uvivu, bali kwa kuwa maji yaliyobaki yalikuwa ya mtoto. Dada yake mkubwa hakukhitimu juzuu hata moja, kwani saa ya chuo ilikuwa ndiyo saa ya njia ya maji.

Tuna hakika hakuna mtu aliyepiga picha ya njia ile akiwamo shangazi.

Faraja ilikuja kidogo kidogo. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu, na chemchemi ya Mitema ndiyo tegemeo mpaka leo. Baadaye, tangu miaka ya 1970, Finland ilisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kwa visima na mabomba. Mabomba hukauka mashine zikiharibika, na ndoo bado hupangwa mistari. Lakini wasichana wa chuo chetu hufika asubuhi.

Mikorosho nayo ina kisa chake, na hiki tulikiona wenyewe. Msimu wa 1973/74 nchi ilitoa tani 145,000 hivi za korosho. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mbali na miti yao. Bei ikaanguka, ubwiri unga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Tunamkumbuka baba akipita chini ya mikorosho iliyomezwa na magugu bila ya kuinua uso. Watu walirudi, wakafyeka, wakajifunza kupuliza salfa, na msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Picha ya baba chini ya miti ile hatunayo. Hatukuwa na kamera, na nani angepiga picha ya magugu?

Tulipoaga, shangazi aliomba abakie na karatasi ya mfinyanzi. Tukamwachia. Alikuwa amekwisha kumwita mjukuu wake, binti wa miaka tisa, amketishe karibu, naye akimwonyesha kwa kidole mahali kata inapokaa chini ya mtungi.